Uaminifu Hauna Kamati

Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo na uwakili za sharika, Arusha. Tumeichapa karibu yote kama ilivyosemwa.



  Ratiba inasema nizungumzie uaminifu wa mtu binafsi katika maisha ya kiroho na wajibu wake katika kazi za maendeleo. Wengi wenu mmenizoea nikija na majedwali na bajeti. Leo sikuja na jedwali. Nimekuja na karatasi moja.

Karatasi hii ni fomu ya kupokea mradi. Mradi wenyewe ni tanki la kuvunia maji ya mvua katika chekechea ya mtaa mmoja ambao sitautaja, kwa kuwa habari hii haihusu mtaa ule peke yake. Katikati ya fomu imeandikwa kwamba tanki limekamilika na linatumika. Chini kuna sahihi tano: ya mwenyekiti wa kamati, ya katibu, ya mweka hazina, ya mwinjilisti wa mtaa, na ya mratibu wa miradi wa dayosisi. Huyo wa tano ni mimi.

Siku tuliyosaini, tanki lilikuwa limejengwa, limepakwa rangi, na jina la wafadhili wetu limeandikwa vizuri kwa mbele. Lakini magata yalikuwa hayajafungwa kwenye paa. Tanki lisilo na gata ni nguzo ya saruji tu. Sahihi zilikuwa tano, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyezunguka nyuma ya jengo kutazama.

Kwa nini tanki lile lilikuwa jambo kubwa

Wageni wetu huenda wasifahamu habari ya maji yetu, kwa hiyo niruhusuni nieleze kidogo. Mlima Meru ni mlima wa volkano, na maji ya mito na chemchemi nyingi zinazouzunguka yana madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Yapo maeneo kwetu, hasa upande wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai, ambako kipimo hupita hapo mara kadhaa.

Mtoto anapokunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, meno hayo huota yakiwa na madoa ya kahawia. Doa hilo halitoki kwa mswaki. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika, na tunao wenzetu ambao miguu yao imepinda kwa sababu hiyo. Kuchemsha maji hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Magadi tunayotia katika maharage nayo huweza kuiongeza. Pale Ngurdoto kipo kituo cha utafiti ambako wataalamu wametumia mkaa wa mifupa kuchuja floraidi. Lakini kwa chekechea ya kijijini, njia iliyo rahisi ni maji ya mvua, maana mvua haikupita kwenye mwamba.

Basi mtaona. Chekechea ni umri uleule ambao meno yanajengeka. Masika moja ilipita, na vuli ikapita, paa la bati likamwaga maji chini, na ndani ya ofisi yangu mradi ule ulikuwa umewekewa alama ya kukamilika.

Niligundua kwa bahati. Nilikuwa na safari ya shughuli nyingine upande ule, nikafika mapema kuliko walivyonitarajia. Nyuma ya jiko nikamkuta bibi anayewapikia watoto uji, akimimina maji kutoka kwenye ndoo aliyokuja nayo. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaniitikia, "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamwuliza kwa nini abebe maji na tanki lipo. Hakunijibu. Alinitazama tu. Nikasogea nikaligonga tanki kwa ngumi, likalia kama ngoma.

Ndipo akaniambia kwamba kila asubuhi ya siku za shule hubeba ndoo moja ya maji ya mvua kutoka nyumbani kwake, ambako mwanawe alimwekea kipande cha gata na pipa. Maji ya pipa yakiisha, huomba kwa jirani. Nikamwuliza ni nani aliyempangia kazi hiyo, maana haimo katika makubaliano yoyote. Akasema, "Niliambiwa nipike uji wa watoto. Uji ni maji."

Ndugu zangu, nina shahada ya chuo kikuu na nimehudhuria semina nyingi za ufuatiliaji na tathmini. Sijawahi kusikia tathmini iliyonichoma kama ile.

"Sisi" ni mahali pazuri pa kujificha

Niliporudi mjini niliwaza nani alaumiwe. Niliona kwamba mwenyekiti alisaini kwa sababu katibu alikuwa amesaini. Katibu alimwamini fundi aliyesema magata yatafungwa wiki inayofuata. Mweka hazina alisaini kwa sababu stakabadhi zilikuwa sawa, na kweli zilikuwa sawa. Mwinjilisti alisaini kwa heshima ya wazee. Na mimi nilisaini kwa sababu kamati nzima ilikuwa imesaini, na gari lilikuwa linanisubiri. Kila mmoja aliegemea sahihi ya mwenzake, na sahihi ya kwanza iliegemea hewa.

Tulipoulizana baadaye, jibu lilikuwa moja: "Kamati ilithibitisha." Lakini kamati haina macho. Macho ni ya mwenyekiti, ya katibu, na yangu mimi. Kamati haina miguu ya kuzunguka nyuma ya jengo.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisi watu wa mlimani tumelelewa katika umoja. Mifereji yetu ya maji ilichimbwa na kusafishwa kwa pamoja, tangu enzi za mababu. Mnada wa mazao baada ya ibada unapendeza kwa sababu ni wa pamoja: mtu ananunua jogoo, anamrudisha, ananadiwa tena. Kanisa ni mwili mmoja. Sisemi kwamba kila mtu aende na lake. Nasema kwamba ndani ya "sisi" mtu anaweza kupotea, na wengine hupenda kupotea humo.

Wenye umri kama wangu na zaidi mnakumbuka mgogoro wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 huku Meru, ulipohusu kuwa na dayosisi nyingine. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Sitazungumzia nani alikuwa na haki, kwa sababu wapo waliosali upande huu na waliosali upande ule, na leo tunazikana na kuozeshana. Nakumbuka jambo moja tu. Asubuhi moja tuliamka tukakuta migomba na mibuni ya jirani yetu imekatwa. Ilikatwa na watu, kwa mapanga, na mapanga hushikwa kwa mkono. Lakini kulipokucha hapakuwa na aliyekata. Tulisikia kwamba "vijana" ndio waliokata, na "upande ule" ndio waliokata. Hadi leo sijasikia mtu akisema, "Mgomba ule niliukata mimi."

Na mambo hayo si mapya katika mlima huu. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku pale Akeri, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Serikali ya Kijerumani haikuuliza ni mkono wa nani uliofanya. Iliadhibu watu wote: mashamba yakaharibiwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wengi wakafa wasiojua lolote. Ndiyo hukumu ya wanadamu, inayokosea pande zote mbili. Mara humwadhibu asiyehusika kwa sababu ni wa kabila fulani, na mara humwacha aliyehusika kwa sababu alikuwa katikati ya kundi.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliwakatalia watu wake hesabu ya namna hiyo. Aliwaambia kwamba mtoto hatabebeshwa dhambi ya baba, wala baba hatajificha katika haki ya mwanawe. Mungu anamjua kila mmoja kwa jina.

Walipobaki peke yao

Sasa niwaeleze habari nyingine ya mlima huu, inayonitia moyo zaidi.

Baada ya msiba wa Akeri, kazi ya Injili haikufa. Kituo cha Nkoaranga kilianzishwa mwaka 1902, na cha Ilboru mwaka 1904. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia huku, na mwaka 1920 wamisionari wengi wa Leipzig, kwa kuwa walikuwa Wajerumani, waliondolewa nchini. Wachache tu, wenye asili ya nchi za Baltiki, waliruhusiwa kubaki. Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia, nao walikuwa wachache kwa kazi iliyokuwepo. Watu wa Leipzig walianza kurudi katikati ya miaka ya 1920.

Hebu mfikirie miaka hiyo ya katikati. Mashariki ya mlima na magharibi yake, na kule Kilimanjaro, kulikuwa na shule ndogo za vijijini ambako mwalimu ndiye aliyekuwa kila kitu. Alifundisha kusoma, alifundisha Katekisimo, aliongoza ibada, alitembelea wagonjwa. Fedha kutoka Ujerumani zilikatika. Mkaguzi hakuja. Kama mwalimu angefunga shule Jumatano akaenda kulima kihamba chake, nani angeandika ripoti? Kama angeacha sala ya asubuhi, nani angejua zaidi ya watoto kumi na wawili na Mungu?

Hata hivyo wamisionari waliporudi walikuta watu wanasali. Walikuta sharika, hawakukuta magofu. Na mwaka 1934 walibarikiwa wachungaji Waafrika wa kwanza katika eneo la kazi la Leipzig, akiwamo Lazaros Laiser wa hapa Ilboru. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili mwaka 1939, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini, na kwa mara ya pili kazi iliangukia mikono ya wenyeji. Haikudondoka. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini yalipoungana na kuwa KKKT, yaliungana yakiwa na watu ambao walikuwa wamekwisha jaribiwa mara mbili bila msimamizi.

Majina ya wengi wa walimu wale hayakuandikwa popote. Hatujui ni wangapi waliochoka wakaacha, maana hao nao walikuwepo, tusidanganyane. Lakini tunajua kwamba kanisa halikubebwa miaka ile na mpango mkakati. Lilibebwa na mwalimu huyu katika kijiji hiki, na mama yule katika kijiji kile, kila mmoja akifanya sehemu yake siku ambayo hakuna aliyemtazama.

Mimi huwaza kwamba walimu wale wangemwelewa yule bibi wa uji mara moja. Sina hakika kama wangenielewa mimi.

Maandiko yanasemaje

Barua kwa Wagalatia, sura ya 6, ina maneno mawili yanayoonekana kupingana. Katika mstari wa 2 Paulo anatutaka tusaidiane kubeba mizigo. Katika mstari wa 5 anasema kila mtu ana mzigo wake ambao ataubeba mwenyewe. Je, tushike lipi? Tushike yote mawili. Upo mzigo wa kusaidiwa: ugonjwa, njaa, msiba, ada ya mtoto wa mjane. Na upo mzigo usiosaidika: kusema kweli kwako, sala yako, toba yako, sahihi yako. Huo wa pili ukiuweka juu ya kamati, umeutupa chini.

Katika mfano wa talanta, Mathayo 25, yule bwana aliporudi hakuitisha kikao. Aliita mtumishi mmoja mmoja. Hakuwauliza wastani wa faida ya wote watatu, maana wastani ungependeza na yule aliyefukia angefichika humo.

Nasi Walutheri tunalo tendo linalotufundisha jambo hili, ila tumelizoea. Tulipobatizwa tukiwa wachanga, wasimamizi walijibu kwa niaba yetu. Siku ya Kipaimara, kila kijana huulizwa na kujibu kwa kinywa chake. Mama yake yupo kwenye benchi, amevaa vizuri na machozi yanamtoka, lakini hawezi kumjibia. Wengi wetu tulijibu siku ile, tukapiga picha, tukala pilau, kisha tukarudi kujibiwa na wengine: mchungaji atusalie, mke atutolee bahasha ya sadaka, kamati ituonee tanki.

Martin Luther mwenyewe alikutana na jambo hili. Mwezi Machi 1522 alirudi Wittenberg kutoka katika ngome ya Wartburg, akakuta mji umevurugika, makundi yanavunja na kubadilisha mambo ya ibada kwa haraka. Alipopanda mimbarani alianza kwa kuwakumbusha kwamba kifo kinamwita kila mtu peke yake, na kwamba siku ile hakuna atakayeamini kwa niaba ya mwingine. Ndipo akaendelea na mambo ya upendo kwa jirani. Alijua kwamba kundi lenye haki linaweza kuwa na watu wasio na imani ndani yake, kila mmoja akidhani imani iko kwa mwenzake.

Lakini mtu anaweza kuuliza: Je, sisi si watu wa neema? Hatuhesabiwi haki kwa imani pasipo matendo? Ndivyo. Gata haliokoi mtu. Luther alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo kwamba matendo yetu si njia ya kukubalika mbele za Mungu, na kwamba kwa kuwa tumekwisha kukubaliwa, tuko huru kumtumikia jirani. Mungu hakuhitaji lile tanki. Watoto ndio waliolihitaji. Tena neema ndiyo inayomwezesha mtu kusema "nilikosea mimi" bila kufa. Asiyejua kwamba atasamehewa hana budi kujificha katika kamati, maana hana mahali pengine.

Miezi mitatu

Nafika sehemu ambayo ningependa kuiruka. Nimekwisha kuwaambia kwamba nilisaini bila kuona. Hilo mngeweza kulisamehe kama uzembe. Lakini baada ya kuligonga tanki na kusikia linavyolia, nilikaa miezi mitatu bila kumwambia mtu yeyote nje ya kamati ile.

Sababu ilikuwa nzuri kabisa, kama sababu za namna hiyo zilivyo siku zote. Ripoti ya mwaka ilikuwa imekwenda kwa wafadhili. Andiko la awamu ya pili lilikuwa mezani kwao. Mitaa mingine miwili ilikuwa inasubiri. Nikajiambia, nikisema sasa, watoto wa mitaa ile miwili watakosa. Nikaagiza magata yafungwe kimyakimya, na yalifungwa. Tanki likaanza kujaa. Nani ameumia? Ripoti iliyokuwa ya uongo ilikuwa imegeuka kuwa kweli, ila tu imechelewa.

Kila Jumapili niliungama pamoja na usharika, kwa maneno yaleyale ya liturujia, kwa wingi: tumekosa, tumetenda, hatukutenda. Ni maneno mazuri. Lakini niligundua kwamba hata katika ungamo nilikuwa nimepata kamati.

Hatimaye nilimwendea mchungaji wangu nikamweleza kwa umoja. Aliniombea, akanitangazia msamaha. Nilitarajia aishie hapo. Akaniuliza, "Barua utaiandika lini?"

Niliandika wiki ile. Niliwaeleza viongozi wangu na wafadhili kwamba nilithibitisha kitu nisichokiona, na kwamba nilinyamaza nilipokiona. Sikuandika "ofisi", niliandika "mimi". Matokeo yake hayakuwa matamu, na sitawapamba. Fedha za awamu ya pili zilisimamishwa kwa nusu mwaka hadi miradi yote ikaguliwe upya. Mitaa ile miwili ilisubiri, na masika moja iliwapita bila matanki. Mmoja wa wazee wa kamati ile hakunisalimia kwa muda mrefu, aliona nimewaaibisha. Labda yuko sahihi kwamba ningewaita kwanza tukakaa pamoja. Nimeshamwomba radhi kwa hilo.

Mniulize kama ilifaa. Watoto wa mitaa miwili walichelewa kupata maji salama kwa sababu yangu, na si kwa sababu ya barua. Walichelewa kwa sababu ya sahihi. Barua ilifanya tu gharama ionekane. Kabla ya barua, gharama hiyo ilikuwa inalipwa na bibi mmoja, kwa shingo yake, ndoo moja kwa siku.

Mambo matatu ya kwenda nayo

Ndugu wajumbe, semina bila utekelezaji ni safari ya posho. Napendekeza mambo matatu, na yote ni madogo.

La kwanza, tubadilishe fomu. Kuanzia sasa fomu ya kupokea mradi haitakuwa na maneno "kamati imekagua". Kila anayesaini ataandika kwa mkono wake: "Mimi nimeona," kisha ataje alichokiona, mahali alipokuwa amesimama, na tarehe. Asiyeona asisaini, na asionekane mkorofi kwa kutosaini. Kama fomu itabaki na sahihi mbili za kweli badala ya tano, ofisi yangu itaipokea.

La pili, kila mjumbe awe na jambo moja la uwakili analolifanya bila kutangazwa. Tunajua wenyewe kwamba pale sadaka zinaposomwa kwa majina, kiasi hupanda. Sikatazi kusoma majina. Ila mtu ajipime kwa kile anachotoa, anachosali na anachotenda siku ambayo majina hayasomwi. Hapo ndipo atajua ana kiasi gani.

La tatu, na hili nawaomba pia marafiki zetu wanaotusaidia kutoka mbali. Mnapopokea ripoti isiyo na kosa lolote, tuulizeni. Na mnapopokea ripoti yenye kosa lililokiriwa, msiwe wepesi wa kufunga mfuko. Mratibu akijua kwamba kweli itamgharimu mradi na uongo utamletea awamu ya pili, mtakuwa mmemwekea mtego mahali pale alipo dhaifu. Najua kwa kuwa nilinaswa hapo. Hata hivyo mtego haukusaini. Nilisaini mimi.

Nimalizie na yule bibi. Magata yalipokwisha kufungwa na mvua za kwanza kunyesha, nilikwenda kumwambia kwamba sasa apumzike, tanki limejaa. Nilidhani atashangilia. Akasema, "Ngoja nione." Akachukua kikombe, akaenda kwenye koki, akafungua, akaacha maji ya kwanza yamwagike, akakinga, akaonja. Akatulia kidogo. Kisha akaonja tena.

Siku iliyofuata hakuja na ndoo.